Mstari wa Miaka Saba

Siku hiyo mjinga alikuwa Mwalimu Mbonea, na mwenyewe hakatai. Alikaa mezani akichora muundo wa ngano ya Ayalandi ya kufundisha kesho: mwanamume anaficha ngozi ambayo mwanamke wa baharini huivaa akiwa majini, ili asiweze kurudi kwao, anamwoa, na baada ya miaka saba mwanamke anaiona ngozi yake, anaivaa na kuzama majini.

Nyakato, mkewe, alikuwa sakafuni akitoa mitihani ya zamani ndani ya sanduku alilokuja nalo kutoka kwao ziwani. Mwalimu alikuwa ameligeuza kabati la karatasi zake, na kila likizo alimwambia kwao wataenda likizo ijayo.

“Mwanzo, ngozi inafichwa. Kilele, ngozi inaonekana,” mwalimu alijigamba. “Kazi imekwisha!”

“Na ile miaka saba?”

“Nimeiandikia mstari mmoja. Alipika, alifua, akatazama maji.”

“Mstari mmoja! Hata chai yangu unaisifia kwa maneno mengi kuliko hayo.”

Mwalimu alicheka. “Muundo unataka tukio, mke wangu. Nitajie moja tu katika miaka hiyo, nichane karatasi hii.”

Nyakato alilipindua sanduku tupu na kulikung'uta. Mchanga mweupe kidogo ukadondoka kwenye kiganja chake, naye akaunusa kwa muda mrefu.

“Alikuwa anaitafuta ngozi yake, Mwalimu. Kila siku.”