Udi wa Mke Asiyefanya Kazi

Tangu moshi upigwe marufuku katika kila chumba kinachofanyiwa kazi, hiki kifaa cha kunusa moshi hapa darini hakinipi raha. Binti yangu Raihana anatoka arobaini leo, nataka kumfukiza yeye na mwanawe. Kila nikitia udi kwenye chetezo, kinapiga kelele: "Hapa ni mahali pa kazi. Zima!"

"Kazi gani? Hii ni nyumba!" nikafoka.

"Umepika, umefua, umeogesha mtoto. Mfanyakazi ana haki ya hewa safi."

Miaka yote ya ndoa, hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

Mume wangu, Shekue, akacheka. "Hujui tu kuongea nacho." Akainua uso. "Mimi mwenye nyumba natamka: mke wangu hafanyi kazi yoyote."

Taa ikawa ya kijani. "Imekubaliwa. Hapa hakuna mfanyakazi. Fukizeni."

"Umeona?" akasema, akijikalia mkekani. "Haya, fukiza upesi, kisha utupakulie."

Nikayamwagia maji makaa ya chetezo: asiyefanya kazi hafukizi wala hapakui. Moshi ukatanda chumba kizima, na kile kifaa hakikusema neno.