Fungu la Majonzi

Siku hizi mfiwa haachwi abebe majonzi yake peke yake. Zahanati ya mtaa huyachomoa kichwani, ikawadunga majirani kidogo kidogo. Ndiyo maana Mwanaidi, aliyemzika mwanawe Shomvi juzi, alikuwa akimenya mihogo kwa macho makavu, huku nyuma ya ukuta Tabu, jirani aliyeomba fungu kubwa, akilia, "Shomvi wangu."

Mwanaidi akaenda kubisha. "Shoga, nirudishie majonzi yangu. Nataka kumlilia mwanangu, machozi hayaji."

Tabu akachungulia, macho yamemvimba. "Sikurudishii, Mama Shomvi. Wewe ulizaa. Mimi sijawahi kuwa na mtoto hata wa kumlilia."

Akafunga mlango. Mwanaidi akarudi jikoni, akaipika mihogo, akala. Ilikuwa mitamu, akaongeza.