Barua Yenye Lakiri

Bwana Tindwa, mkusanyaji wa barua za kale za vyama vya kindugu, aliigeuza bahasha huku na huku, akaitazama lakiri nyekundu iliyoifunga na kutabasamu.

"Miaka ishirini, mama! Mbona hamkuifungua?"

"Ndiyo sheria ya chama chao," alijibu Bi Sikitu. "Barua yenye lakiri hufunguliwa mbele ya ndugu wawili. Na mume wangu walikwisha kumfukuza. Nani angekanyaga hapa? Alikufa nayo chini ya mto wake wa kulalia, akimwomba Mungu wamsamehe. Aliniapisha nisiiguse."

"Vizuri sana. Iliyofunguliwa siitaki."

"Hutaki kujua walimwandikia nini?"

"Mimi nataka bahasha na lakiri, mama. Maneno ya wafu yananihusu nini?"

Bi Sikitu alimpokonya barua. "Ee Mola, nisamehe," alisema, akaivunja lakiri.

Ilikuwa mistari miwili tu. "Ndugu Ngwali, tumekusamehe. Tuite siku yoyote, nasi tutakuja sote kukuombea."

Akaisoma tena, polepole.

"Umeshaiharibu," alisema Bwana Tindwa, akachukua kofia yake na kuondoka.

Bi Sikitu hakuinua macho. Aliikunja barua kama ilivyokuwa, akapiga magoti, akaokota vipande vya lakiri sakafuni kimoja kimoja. Kisha akaanza kuvipanga juu ya mkunjo wa bahasha, akivikandamiza kwa dole gumba.