Uboho wa Haji Wagdi

Daktari Nihal alisoma majibu ya uboho mara ya pili, akavua miwani, akamuuliza Haji Wagdi kama ana tabia ya kumeza sarafu.

Haji alidhani hakusikia vizuri. Alikuja pale kuambiwa habari ya saratani. Kwa miezi saba miguu yake ilikuwa imekufa ganzi, akawa anapepesuka katika mitaa ya Tanta kama mlevi, yeye ambaye pombe hajawahi hata kuinusa. Damu yake ilikuwa ikipungua kila ikipimwa. Wiki mbili nyuma walimlaza kifudifudi, wakamdunga sindano nene kwenye mfupa wa nyonga, wakavuta uboho wa ndani. Tangu siku hiyo alikuwa ameshamkabidhi mpwawe duka lake la peremende na dengu za kukaanga, na mkewe ameshaonyeshwa zilipo hati za nyumba.

"Sarafu?" akasema mkewe, Bi Insaf, aliyeketi kando yake amekumbatia mkoba. "Daktari, huyu sarafu haimtoki mfukoni. Ataimezaje?"

Daktari akaeleza. Saratani hakuna. Bi Insaf akajifunika mdomo kwa ncha ya mtandio, kama afanyavyo kila anapotaka kucheka au kulia. Lakini chembe changa za damu ndani ya uboho zilikuwa na vitundu vitundu, na nyingine zina pete ya madini ya chuma. Mwili uliokosa shaba ndivyo unavyokuwa. Na damu ya Haji ilijaa zinki kupita kiasi, madini yaliyomo hata kwenye baadhi ya sarafu, na zinki ikizidi huifukuza shaba. Dawa yake ni rahisi, ila kwanza ijulikane hiyo zinki inaingilia wapi. Anameza vidonge gani? Anapikiwa kwenye chungu gani? Anakula nini?

Maswali yote yalijibiwa na Bi Insaf. Vidonge hamna. Sufuria ni za stili. Chakula ni kile kile cha miaka kumi na moja: mchuzi mzito wa mboga ya mulukhia, maharage ya kupondwa, wali uliolainika, nyama iliyochemshwa mpaka ikaachana na mfupa. Alisema anapika hivyo kwa ajili ya tumbo la mumewe. Haji hakukumbuka kuwahi kulalamikia tumbo, ila chakula laini kilimfaa sana, akawa hajauliza.

Daktari akataja kitu kingine kimoja ambacho wakati mwingine huwa na zinki. Haji akashtuka.

"Mama Shaimaa," akamwambia mkewe, "hebu nitafutie chai."

Bi Insaf akawatazama wote wawili, akatoka polepole.

Mlango ulipofungwa, Haji akakiri. Meno yote yaliyokuwa kinywani mwake yalikuwa ya kununua. Miaka kumi na moja iliyopita Bi Insaf alikwenda Iskandaria kumtunza binti yao aliyejifungua, akakaa huko miezi miwili. Haji akaitumia nafasi hiyo kung'olewa meno yake, yaliyokwisha kuozeshwa na peremende, na kutengenezewa mengine. Mkewe akarudi amenawiri, kijana kuliko alivyoondoka. Hewa ya bahari hiyo. Haji akaona aibu kumwambia mwanamke kama yule kwamba mumewe ni kibogoyo. Mwaka ule ule bahati ikamwangukia: Bi Insaf akahamia chumba cha binti, eti Haji anakoroma. Kwa hiyo hatari ilibaki ya mchana tu, kwenye kicheko na chafya. Hapo ndipo ilipohitajika gundi ya meno, na Haji hakuibania. Bomba moja lilimtosha siku mbili.

"Bomba moja hukaa mwezi na zaidi," akasema daktari. "Haji, wewe hukuwa unajipaka gundi. Ulikuwa unaila."

Akamwandikia vidonge vya shaba na kumkataza gundi ile kabisa. Damu itarudi baada ya wiki chache. Miguu itachukua muda wake, na huenda ganzi kidogo ikabaki. Halafu akamshauri akamwambie mkewe.

"Hakuna mke anayeishi na siri kama hiyo miaka kumi na moja asiijue," akasema. "Anakustahi tu."

Haji alimkuta Bi Insaf kwenye benchi la ukumbini, chai imeshapoa. Akaketi, akamsimulia yote huku akitazama vigae vya sakafu. Alipomaliza akasema kwamba kama alikuwa akijua siku zote, basi aseme tu, wacheke, yaishe.

Bi Insaf hakuwa akijua. Ilisomeka usoni pake: kwanza mshangao, kisha kitu kama hasira, kisha macho yakajaa machozi.

"Miaka kumi na moja, Baba Shaimaa," akasema. "Mimi mkeo unanificha?"

Haji akaomba radhi. Akasema alikuwa akiogopa kuonekana mzee mbele yake, na kwamba kuanzia leo, bila ile gundi, atakuwa akitafuna kama mtoto na kutema maneno nusu nusu, na yeye asipotaka kukaa naye meza moja hatamlaumu.

Bi Insaf akampa mgongo. Haji akamwona ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika, mkono uko ndani ya mtandio. Akataka kumgusa, akaogopa.

Alipogeuka, mashavu yake yalikuwa yamebonyea na midomo imezama ndani. Akakishika kiganja cha mumewe, akakifungua, akaweka humo meno yake yote, ya juu na ya chini, bado yana joto.