Asilimia za Maombi

"Waliopona kwa maombi yenu?"

"Hakuna."

"Hata mumoja, mama mukubwa? Muzee Anaclet alikuwa anakohoa, sasa hatumusikie tena."

"Alihamia Komanda," akajibu Mama Scholastique, akipiga miayo. "Kule iko nakohoa vizuri tu. Andika zéro."

Orly akaandika sifuri, roho ikimuuma. Huyu ni dada mkubwa wa mama yake, ndiye aliyemlea na kumsomesha mpaka chuo. Na sasa kompyuta ya Orly, pale mezani, ilikuwa inakimaliza kikundi chake cha maombi.

Wazo lilianzia kwa Pasta Gustave. Kanisa lina vikundi vitatu vya maombi na jenereta moja, na mafuta yamepanda bei. Kimoja kivunjwe, lakini kipi? Hapo Orly, kwa kimbelembele chake, akasema kuna hesabu ya kisasa. Unaangalia kila kikundi kinaweka nini: watu, saa, mafuta. Halafu unaangalia kinapata nini, yaani maombi yaliyojibiwa. Anayepata mengi kwa kuweka kidogo ndiye mia kwa mia, na wengine wote wanapimwa kwake. Pasta alifurahi kama mtu aliyepewa pikipiki.

Matokeo ya kwanza, jamani, yalikuwa kichekesho. Wazee wa mtaa wa Saio, kikundi cha Muzee Ephraïm, mia kwa mia! Hao wanaomba nusu saa, jioni, wamekaa. Wanaomba jua lichwe salama, mvua inyeshe mwezi wa nne, lori la Komanda lifike siku litakayofika. Yote yanajibiwa. Vijana wakapata sitini. Wamama wa mtaa wa Ngezi, kikundi cha mama mukubwa, wanaoamka alfajiri kila siku ya Mungu, na jenereta, na spika, wakapata tisa, kwa majibu machache ya zamani.

Orly alikimbia Ngezi mbio. "Mama mukubwa, mupunguze saa! Muzime jenereta. Kila mutu aombe kwake, kisha alale kidogo."

"Alale," akasema Mama Scholastique. Alilitamka neno polepole, kama jina la ndugu aliye mbali. Kisha akajikaza. "Hapana. Mungu atatuona wavivu."

Kesho yake akaongeza saa nzima, na spika ya pili. Asilimia zikashuka mpaka sita. Kichwa ngumu, mama huyu!

Orly akatafuta njia nyingine. Mwaka uliopita Elodie, mmoja wa wamama hao, aliacha kikundi alipojifungua. Mtaa mzima ukasema ameingiwa na pepo, wenzake wakamwombea mlangoni kwake asubuhi na jioni, mpaka akarudi na mtoto mgongoni.

"Kurudi kwa Elodie," akawauliza wamama, "si ni ombi lililojibiwa?"

Elodie alikuwa amekaa palepale. Akamtazama kwa macho mekundu ya usingizi. "Ile usiandike," akasema.

"Basi muniambie munaombea nini sasa. Hata nusu ya jibu nitaandika."

"Siye tuko na ombi moja tu," Mama Scholastique akasema, na wenzake wote wakainamisha vichwa. "Mungu anaijua. Bado."

Orly nusura alie. Imani yote hiyo, na mbingu kimya! Alitamani kudanganya, abandike miujiza kumi amalize. Lakini mkono ulikataa, maana mama mukubwa mwenyewe ndiye aliyemchapa utotoni kwa ajili ya uongo.

Jumapili Pasta akasoma matokeo. Kikundi cha Ngezi kimevunjwa, kuanzia kesho. "Si miye," akajitetea, "ni mashini."

Weee! Kilio kilichopasuka humo kanisani! Wengine walijitupa chini, wengine waliinua mikono juu, Elodie akazunguka na mtoto wake mpaka kitambaa kikamwanguka. Watu wote wakamgeukia Orly. "Mutoto bila shukrani," mtu akasema nyuma yake.

Orly akaenda mbele, akapiga magoti kwa mama mukubwa.

"Unisamehe. Nimekumaliza."

Mama Scholastique akamwinua, akamkumbatia kwa nguvu, machozi yake yakimlowesha Orly shingoni. Akaweka mdomo kwenye sikio lake.

"Fungua tena ile mashini yako, mutoto yangu," akanong'ona, akipiga miayo. "Ile ombi yetu, andika: imejibiwa."