Ukaguzi wa Jikoni

"Hizo nguo ni za nani?" mama mtu aliuliza, hata begi hajaliweka chini.

Mwanawe, fundi wa kuchomelea mageti, alikuwa ameinamia beseni, povu hadi kwenye viwiko. "Sare za mke wangu, Mama. Karibu."

"Kwani mwenyewe hana mikono?"

"Anayo. Alikesha na wagonjwa hospitali, sasa amelala."

Mama aliliweka begi chini. Alikuwa ametumwa na mumewe kuja kuthibitisha uvumi, na uvumi wenyewe ulikuwa mbele yake, unachuruzika maji.

Mumewe huyo alikuwa mkaguzi wa shule. Alipostaafu na kukosa shule za kukagua, akahamia kwa familia. Alikagua chumvi ya mchuzi, mikunjo ya shati na saa ya mkewe kuamka, lakini tangu azaliwe hakuwahi kujimiminia hata chai. Kwake yeye, mwanamume anayefua amekaliwa na mkewe, basi. Kwa neno hilohilo alimsimanga mwanawe mkubwa mpaka kijana akaacha mke. Sasa fundi aliona zamu yake imefika.

"Mama amesemaje?" muuguzi alimnong'oneza mumewe alipoamka.

"Hajasema kitu. Anatazama tu."

Kweli alitazama. Siku mke akiwa kazini alimtazama mwanawe akipika, na siku nyingine mke akipika. Aliwatazama wakibishana nani kaunguza sufuria, kisha wakicheka kama watoto. Kila alipoinuka kusaidia aliambiwa akae, akaletewa chakula kingali cha moto, jambo ambalo kwake halikuwahi kutokea. Mchana alilala. Miguu yake, iliyovimba miaka nenda rudi, ikaanza kuingia kwenye viatu bila kulazimishwa. Lakini uso ulizidi kukunjamana, na wenye nyumba wakazidi kuogopa.

Asubuhi moja akapiga simu mbele yao. "Baba watoto, njoo mwenyewe. Niliyoyaona huku siyawezi peke yangu."

Muuguzi aliweka kijiko chini, machozi yakamlengalenga.

Mkaguzi alifika kesho yake ndani ya suti, ana bashasha ya mtu aliyepatiwa wa kumfokea. Salamu ya mkwewe hakuitikia. Alivuta kiti akakaa katikati ya jiko, akamwona mwanawe amevaa aproni anakatakata vitunguu, akasonya.

"Mwanamume mzima. Nilikusomesha uje uwe yaya wa mkeo?" Akamgeukia mkewe. "Umefanya la maana kuniita. Sema ulichokiona, halafu mimi nitoe uamuzi. Ila huyu kijana leo narudi naye nyumbani, hilo halina mjadala."

Fundi alikishika kiganja cha mkewe asikiachie.

Mama alisimama, akamvua mwanawe ile aproni. Akamzunguka mumewe pale kitini, akamfunga nayo juu ya suti, akakaza fundo.

"Mwanangu," alisema, "huyu hapa mwanafunzi wako. Mimi nitarudi nyumbani siku atakapofuzu."