Sura ya Mkejina

Mwalimu Perpetua alimkuta Zawena kwenye cherehani, akamwekea mbele muswada wa kitabu alichokiandika juu ya haki za wanawake. Eti alitaka dibaji.

"Mwanangu, akina mama wa mji huu wanakusikiliza wewe. Neno lako likitangulia, watakisoma."

"Kila tulipofungua shule ulitupanga mstari, Mwalimu, ukatubonyeza matumbo kutafuta mimba. Hilo liko sura ya ngapi?"

"Ah, ilikuwa amri ya mkuu wa shule. Mimi nami mwanamke, ningemkatalia vipi?"

"Siku ulipomfikia Mkejina kwenye mstari wetu hukuonekana kama mtu aliyeamriwa. Ulimvua sweta ya shule mbele ya wavulana, ukamwambia aende akazae. Ule ulikuwa uvimbe, Mwalimu. Tulimzika kabla ya mitihani."

Mwalimu aliketi bila kukaribishwa. "Sikujua."

"Hukuuliza. Basi dibaji nitakuandikia, tena ndefu. Lakini Jumamosi akina mama tunakutana sokoni. Utapanda jukwaani utusomee sura ya Mkejina. Mama yake nitamweka mstari wa mbele."

"Sura hiyo haimo."

"Leo Jumatatu. Utakuwa umeshaiandika."

"Utaniua, Zawena."

"Mimi? Mimi nakuandikia dibaji."

Mwalimu alikusanya karatasi zake, akazikumbatia kifuani, akageukia mlango. Wanawake watatu waliokuwa nje wakisubiri nguo zao walikuwa wamesimama kizingitini. Walikuwa wamesikia yote, na hakuna aliyesogea kumpisha.